Sista Shwari Anaondoka, Viti Vinabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya watoto wachanga mahututi, Sista wetu mkuu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Ofisi ilituomba wasifu wenye staha na takwimu. Takwimu hatuna. Staha tutajaribu.

Wengi mnamjua kama Sista Shwari, na jina hilo hakulipata kwa upole. Mzazi akija roho mkononi kuulizia hali ya mwanawe, jibu lilikuwa lile lile. Mtoto amelala vizuri, shwari. Mtoto kaongezwa mpira mwingine wa hewa, shwari. Baba mmoja, dereva wa lori, alituambia kwamba hata nyumba ikiungua, huyu atasema moshi unaendelea vizuri.

Miaka hiyo alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: ndani ya wodi hakuna kulia. Aliwaambia kina mama kwamba machozi yana vijidudu. Sisi tumesomea kazi hii, vyeti vyetu viko ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni vijidudu gani. Kina mama wakawa wanalia ndani ya chumba cha kukamulia maziwa, bomba limefunguliwa, na sisi tunalalamika kwamba wanamaliza maji. Kina baba ndio kabisa hawakuhesabiwa. Waliambiwa wajikaze, wakajikaza, mpaka mmoja akazimia kwenye korido. Akapewa soda.

Ofisi nayo haikulala. Iliposikia kwamba wazazi wa wodi yetu wana msongo wa mawazo, ilituletea bango. Lilikuwa na picha ya mama na kitoto kinene wakicheka, na maandishi makubwa: Mzazi Mwenye Furaha, Mtoto Mwenye Afya. Likabandikwa mbele ya mashine za joto, ili mzazi anayemtazama mwanawe wa kilo moja ajue kosa ni la nani.

Kisha akaja mama mmoja, fundi cherehani. Binti yake alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Fundi hakulia. Alitusalimia mmoja mmoja, akatuuliza habari za watoto wetu, akasifia hata sare zetu. Sista alifurahi kupita kiasi, akawa anawaambia wengine wamwige mwenzao. Baadaye fundi akaanza kukabidhi maziwa mlangoni na kuondoka bila kuingia. Nasi, werevu wa kupindukia, tukazidi kumsifu, eti huyu ndiye anayejali usafi.

Aliyeshtuka ni Sista, tumpe haki yake. Alimfuata mpaka kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia, akamuuliza kwa nini haendi kumwona mwanawe. Fundi akajibu kwa adabu yake ile ile: "Nikimgusa nitamzoea, Sista. Nikimzoea, atakufa."

Sista akaiweka shwari yake kando. Akakaa naye pale benchini. Aliporudi wodini macho yake yalikuwa mekundu, na mtu asiye na haya angemuulizia vile vijidudu. Hatukuthubutu.

Tangu hapo akawa mtu wa hatari. Aliomba viti ili wazazi wakae kando ya watoto wao, ofisi ikajibu kwamba viti vinaziba njia. Kesho yake chumba cha mikutano kilikutwa kitupu. Wakubwa walifanya kikao wima, na inasemekana hakijawahi kuisha mapema vile. Lile bango alilibandua akazibia kioo cha mlango wa stoo, ili mzazi anayetaka kulilia humo peke yake asichunguliwe. Likawa limepata kazi hatimaye. Na mzazi akifika, aliulizwa kwanza hali yake mwenyewe, kabla ya ile ya mtoto. Akisema mzima, aliulizwa tena, maana mzima wa kwanza huwa ni wa adabu tu.

Kwa fundi alikwenda polepole. Mwanzo walisimama mlangoni tu. Kisha kiti. Kisha kidole kimoja kupitia tundu la mashine, Sista kamshika bega, fundi analia kwa sauti na hakuna wa kumnyamazisha. Mwishowe binti akatolewa, akalazwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kila siku. Akisikia sauti ya mama, alifumbua macho.

Tungependa kuandika kwamba alipona. Hakupona. Mapafu yake yalichoka, akafia pale pale kifuani. Ofisi ikapiga simu kuuliza mashine itakuwa wazi lini. Sista akaburuta kiti mpaka mlangoni, akakikalia, na hakupita mtu hadi fundi alipoinuka mwenyewe. Alipofika mlangoni, fundi alimwambia neno moja tu: "Alinijua."

Sista, asante. Umetusumbua, umewaibia wakubwa viti, umetufundisha kufunga midomo yetu. Kapumzike sasa. Uzee wako uwe mrefu, na siku utakapolemewa, awepo mtu wa kukaa nawe mpaka uinuke mwenyewe.