Ndoo Chini ya Karo

Ndugu waombolezaji, kaka yangu mkubwa ameniomba nisome wasifu wa mama kwa ufupi na nisimkwaze mtu, na hilo la kwanza nitajitahidi.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, binti wa fundi viatu, akasoma hadi darasa la saba, akaachishwa ili kaka zake waendelee. Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, akafua mashuka meupe kwa miaka thelathini na sita. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na baba, ambaye ametangulia, wakajaliwa watoto wanne, na wote tupo hapa tumependeza.

Akitoka kazini alitia vitambaa rangi jikoni kwake, kwa manjano, majani na maganda ya vitunguu, na chini ya karo la kuoshea vyombo aliweka ndoo ya misumari yenye kutu, iliyokaa majini tangu 1988, kwa kuwa maji yale ndiyo yaliyoigeuza rangi ya vitunguu kuwa kijani kizito ambacho hakuna duka lililowahi kukiuza. Sote tulifunga ndoa tukiwa na kitambaa cha kijani kile mabegani, ingawa vidole vyake vyenye madoa ya rangi vilituaibisha, na siku ya wazazi shuleni mimi nilimwomba avae glavu, akavaa.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa tarehe 4 Mei, akatuambia akirudi atatia rangi shuka la kumfunika siku kama ya leo, nasi tukaitikia ndiyo mama, kama kawaida yetu, tukasahau. Kisha, kwa wema wetu, tukamsafishia nyumba, na ndoo niliimwaga mimi, nikaisugua mpaka ikang'aa.

Aliporudi aliinama chini ya karo, akauliza, "Maji yangu yako wapi?" nikamjibu, "Ule uchafu, mama? Nimeumwaga." Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikimbia kununua misumari mipya, nikaitumbukiza, kumbe ni ile isiyoshika kutu, mpaka leo inang'aa. Jikoni hakuingia tena, akafariki tarehe 21 Juni.

Tunawashukuru madaktari, madobi wenzake, na jirani yetu muuza vitunguu, aliyemwekea maganda miaka yote bila kuchoka, tofauti na sisi.

Shuka mnaloliona limenunuliwa dukani jana, ni jeupe. Waliomwosha walitaka kumtakatisha vidole, nimewakataza wasivisugue. Pumzika navyo, mama, kwa amani.