Leland Hoffstetter na Jengo Lililobakizwa Uso

Leland Hoffstetter alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katikati ya mji wa Pruett Landing, Ohio, ghorofani katika jengo alilojenga babu yake mwaka 1884. Mbele lilikuwa na nguzo za chuma cha kusubu, nyuma matofali, na katikati ngazi ya mbao yenye vidato arobaini na saba. Leland alijifunzia kuhesabu kwenye vidato hivyo. Chuo kikuu kilitaka zaidi ya arobaini na saba, akakiacha baada ya miezi mitano.

Alirudi kwenye duka la kofia la baba yake, kisha akawa fundi wa madirisha ya kale, yale yanayopandishwa kwa kamba na vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya fremu. Mwaka 1967 alimwoa Joyce Brandt, baada ya lifti ya mizigo kukwama nao saa nzima. Joyce mpaka leo anaamini haikukwama yenyewe.

Mwaka 2019 mdogo wake, Vernon, mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kale, alimletea karatasi.

"Kaka, tia sahihi. Jengo letu linahifadhiwa."

"Lote?"

"Leland, mimi si ndugu yako?"

Leland alitia sahihi bila kuvaa miwani. Miezi minane baadaye tingatinga liliingia kwa nyuma. Karatasi ilikuwa imelinda uso wa jengo tu, ukuta unaotazama barabara.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2021. Vernon alimpelekea hospitalini picha ya uzinduzi wa ukuta uliobakizwa.

"Ona kaka, tumelipaka rangi."

"Nifungulie mlango nipande juu."

"Haufunguki. Nyuma ni maegesho ya magari."

Leland aligeukia ukutani. Hakuzungumza naye tena. Alifariki tarehe 14 Novemba 2022.

Ameacha mjane, Joyce, binti, Marlene, wajukuu watatu, ndugu, Vernon, aliyeketi hapa safu ya kwanza, na ukuta mmoja.

Wengi mmeuliza kwa nini jeneza halikufunguliwa nusu ya juu ili uso uonekane, kama ilivyo desturi yetu. Marehemu aliacha maagizo kwa mwandiko wake: "Lifungueni lote au mlifunge lote. Uso peke yake mmeshabakiza mmoja."

Tumelifunga. Apumzike kwa amani, mbele na nyuma.