Mzee Matope, Aliyeyafundisha Majeshi Yetu Kusubiriana

Baada ya miaka ishirini na sita ya kutengeneza milima, mito na matope kwenye skrini za kompyuta, mkuu wa kitengo chetu cha ramani anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kufikia umri wa kustaafu. Gemu kubwa kuliko zote tulizowahi kutengeneza pamoja naye itatoka miezi michache tu baada ya yeye kuondoka, na sote tulimwomba avumilie hadi siku hiyo. Alikataa kwa upole, akatueleza sababu. Mkewe alipata kiharusi na sasa anajifunza kutembea upya. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amesema miezi hii ndiyo itakayoamua kama atatembea tena bila msaada au la, na mzee hataki kuletewa habari hiyo kwa simu akiwa ofisini.

Kwa wageni wasiotujua, kampuni yetu hutengeneza gemu za kompyuta za vita vya kale. Mchezaji anapewa jeshi, ramani na adui, kisha anaachwa apambane na hali yake. Wengi hudhani kazi ngumu ni mapigano. Mapigano tunayamudu. Kinachotutoa jasho ni kulifikisha jeshi mahali pa kupigania likiwa bado ni jeshi, na hapo ndipo mzee wetu alipojijengea jina.

Alikuja kwetu akitokea kwenye upimaji ardhi, na kofia pana ya jua na viatu vilivyolika soli upande mmoja. Siku zile ramani zetu zilikuwa bapa kama meza. Mlima ulikuwa rangi ya kahawia, msitu rangi ya kijani, na askari walipita juu ya vyote kana kwamba wanateleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Yeye alitazama kwa muda, akauliza kwa adabu kama wale askari wana miguu. Kuanzia hapo hatukupumua. Alitaka kushuka mlima nako kuumize magoti, si kupanda tu. Alitaka barabara iharibike kadiri inavyokanyagwa, ili kikosi cha kwanza kipite vizuri na cha mwisho kikute uji. Gemu yake ya kwanza ilipotoka, mchezaji mmoja alilalamika kwa hasira kwamba mizinga yake yote ilizama kwenye matope siku ileile aliyokuwa anakaribia kushinda. Mzee alifurahi kana kwamba amepandishwa cheo, na jina la Mzee Matope likamganda.

Alikuwa na namna yake ya kupokea wafanyakazi wapya. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye kazi yake ni kujaribu gemu kabla hazijauzwa, aliajiriwa akidhani atakaa kitini. Wiki ya kwanza tu alijikuta kwenye uwanja ulio nyuma ya ofisi, mvua imetoka kunyesha, mfuko wa mchanga mgongoni, anaambiwa avuke hadi ng'ambo. Mzee Matope alitembea kando yake na mwavuli, akimuuliza habari za nyumbani. Waliporudi alimpa penseli na kumwambia achore uwanja ule kama miguu yake inavyoukumbuka. Mchoro ulitoka na mashimo mengi kuliko uwanja wenyewe, na mzee akasema huo ndio sahihi.

Si kwamba kila kitu kilimnyookea. Wakongwe hawajasahau balaa la neno "panda". Kwenye jedwali la ramani mojawapo, kila mahali penye mwinuko mkali aliandika "kupanda". Dada yetu wa programu, ambaye wazazi wake ni wakulima, aliona neno hilo akajua bila shaka yoyote kwamba hayo ni mashamba. Tulipoiwasha gemu, ngome iliyokuwa juu ya genge la mlima ilikuwa imezungukwa na maharage hadi mlangoni, na askari wa farasi wakawa wanapanda jabali huku wanakanyaga mazao ya watu. Mzee alicheka hadi akavua miwani. Tangu hapo majedwali yetu yote huandikwa "mwinuko", na dada wa programu huitwa Bibi Shamba, jina ambalo ameshachoka kulikataa.

Aliwahi pia kutumia msimu mzima kutengeneza kinamasi kizuri ajabu, chenye nyasi zinazolala upepo ukivuma, kwenye kona ya ramani ambayo hakuna jenerali mwenye akili angeipitia. Hadi leo hakuna aliyeipitia. Ukimtania juu ya kinamasi hicho hujibu kwamba kwenye nchi yenyewe kilikuwepo, kwa hiyo kwenye ramani kilipaswa kuwepo.

Kisha shemeji yetu, mkewe, akaugua. Mzee alitoweka kwa wiki nyingi, na aliporudi alikuwa amekonda na kupunguza maneno. Kidogo kidogo akaanza kutusimulia. Nyumba yake, ambayo siku zote aliiona kuwa bapa, kumbe ina kizingiti jikoni, ina zulia linalojikunja ukingoni, ina mahali sakafu inainama kuelekea bafuni. Mtu aliyepima nchi nzima kwa miguu alikuwa hajui kilichopo kati ya kitanda chake na mlango wa mbele. Na yeye, kwa mazoea, alikuwa akitangulia hatua chache, halafu anageuka kumngojea mkewe. Siku moja shemeji akamwambia kwamba kama ana haraka aende tu, na huko atakakofika awasalimie.

Alitusimulia hilo huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kesho yake asubuhi alikuja kwenye kikao akaomba tuvunje hesabu yote ya mwendo wa majeshi, kazi yake mwenyewe, kwenye gemu iliyokuwa inakaribia kukamilika.

Tatizo lake lilikuwa neno moja, wastani. Miaka yote tulikuwa tumekadiria ardhi kwa makini ajabu, lakini kila kikosi kilitembea kwa mwendo wa wastani, watu wote sawasawa, kama kitu kimoja. Mzee Matope alisema ameangalia jeshi zima na hajaona humo askari anayeitwa Wastani. Kuna mwenye kidonda mguuni, kuna mpagazi aliyebeba sufuria, kuna aliyemaliza wiki na homa. Kilima kilekile kwa mmoja ni kilima na kwa mwingine ni ukuta. Alitaka kila mmoja apewe miguu yake, na jeshi lifike pale tu wa mwisho wao atakapofika.

Meneja wetu ana moyo mzuri, ila pia ana tarehe ya kutoa gemu. Alisema wachezaji watachoka kusubiri. Sisi wajaribu tulimuunga mkono, na mimi ndiye niliyekuwa mbele kulalama, kwa sababu ningepoteza mapigano niliyozoea kushinda. Nilipolijaribu toleo hilo jipya niliwaacha wa nyuma makusudi, nikawahi mtoni, nikapigwa vibaya, maana chakula na mizinga vilikuwa bado kilima cha tatu nyuma yangu. Mara ya pili nikatoa amri ya kusubiri. Nikaona askari wa mbele, bila kuagizwa na mimi, wanageuka wawili wawili, wanarudi nyuma, wanachukua mizigo ya wapagazi waliochoka na kutembea nao. Hakuna pointi zinazotolewa kwa hilo. Nilisema nina vumbi machoni, na hakuna aliyeniamini.

Mwisho wake hesabu mpya ilibaki, ila mchezaji asiye na subira anaruhusiwa kuizima. Mzee alikubali, akaomba tu kitufe cha kuizimia kisiwe rahisi kuonekana. Hakupata yote aliyotaka. Sehemu ya kuvuka mito haijakamilika, na anamwachia Bibi Shamba aimalizie. Tunajua inavyomuuma kuondoka na mto haujavukwa. Tulimwona wiki iliyopita akiisogeza mizigo upande huu wa kivuko, taratibu, kisha akazima kompyuta na kukaa pale mikono mapajani.

Tunakushukuru, mzee wetu. Ulitufanya tuione ardhi, halafu ukatufanya tuwaone waliokuwa juu yake. Tunakupenda, na ofisi hii itakuwa na pengo ambalo hatutajifanya hatulioni. Wewe na shemeji tunawatakia afya, siku nyingi, na kila njia mtakayoipita muipite mkiwa bega kwa bega.

Jambo la mwisho kwa wageni waalikwa. Ukumbi wetu uko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Tulijitolea kuihamishia sherehe hii ya kumuaga mzee chini kwenye maegesho, shemeji akakataa. Tulijitolea kumbeba na kiti, akauliza kwani yeye ni mzinga. Amesema habari za ofisi hii amezisikia miaka yote ya ndoa yake na leo anakuja kuiona, kwa miguu yake, mumewe akiwa ubavuni. Kwa sababu hiyo ratiba haikuandikwa saa ya kuanza. Ikiwa unasoma haya na viti viwili vya mbele bado vitupu, ujue wako kwenye ngazi. Tafadhali usishuke kuwahimiza. Kaa, jimiminie chai. Mlango uko wazi, na hakuna atakayesema neno la kwanza kabla hawajaingia.