Geti Alilolifunga Lindsay

Sogeeni, wanangu. Lindsay, zima hiyo simu. Na wewe Charmaine, acha kunipangusa jasho, keti. Sauti niliyo nayo leo sina hakika kama nitaamka nayo kesho. Tangu Jumanne sijakaa kwenye ile mashine ya kusafisha damu, na daktari kanieleza waziwazi kwamba aiachaye hamalizi wiki mbili. Nikamwambia heri siku kumi kwetu mtoni kuliko miaka mitatu nikitazama ukuta wa mjini. Msimlaumu. Nimechagua mwenyewe.

Maisha yangu mnayajua kama mtu ajuavyo mto kwa kuuvuka darajani. Basi sikilizeni. Nilikuwa mlevi, sikuwa “mtu aliyependa kinywaji kidogo,” kama mnavyonisitiri mbele ya wageni. Nilikunywa mvinyo wa boksi chini ya lile daraja hadi nikasahau nimezaa. Siku wale wanawake wa serikali walipokuja kumchukua Charmaine, naye ana miaka minne, nilikuwa nimelala kwenye matope mita hamsini tu kutoka mlangoni, na majirani wanasema aliniita mpaka gari likakata kona. Sikusikia. Wewe Lindsay ulipona kwa sababu mdogo wangu Dulcie alikutoa kwa mlango wa nyuma, akakulea na mwanawe kitanda kimoja, sahani moja. Lishike hilo, nitalirudia.

Walinipeleka pwani, kwenye nyumba nyeupe ya kuachisha watu pombe, tukaketi duara, na kijana mwenye karatasi akaniuliza, “Verlie, kutoka moja hadi kumi, huzuni yako ni ngapi?” Nikamjibu, “Mwanangu, kwani unauza nyama?” Tulicheka sana siku hiyo. Nikatoka na cheti, nikakilewea kwenye treni ya kurudi.

Aliyeniponya ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye hakujua kusoma. Alinichukua kwenye pikapu hadi Kona ya Mto, kwenye mikaratusi mikubwa, akakoka moto wa majani mabichi, akanifukiza moshi kama mtoto mchanga, wala hakutaja pombe. Kila asubuhi aliniuliza kwa lugha yetu, “Wewe ni wa nani?” Siku za kwanza nilimtukana. Akanipa kome za kufukua na mkate wa kufukia majivuni, akaniuliza tena. Siku nilipoweza kuwataja, mama yangu, mama yake, na mama wa mama yake, na mahali kila mmoja alipozaliwa kandokando ya mto huu, nililia tangu asubuhi hadi jua likazama. Nilirudi kunywa mara nne baada ya hapo, naye mara nne akaja kunizoa. Ya tano haikuja. Miaka thelathini na mmoja sasa.

Ndipo nikafungua Kona ile kwa watu wetu. Walikuja wa pombe, wakaja wa unga, wakaja na watoto wao na mbwa wao, na sharti lilikuwa moja tu: njoo ulivyo. Si wote waliopona. Wengine nimewazika. Lakini hakuna aliyefukuzwa.

Kisha ukaja wewe, Lindsay, na shati lako la ofisini na karatasi za serikali. Ukasema, “Mama, watatupa nyumba, watatupa nesi, ni sahihi tu.” Nami nikatia sahihi, maana nani amnyime mwanawe kalamu? Wakaweka uzio. Wakakataza moto, wakakataza watoto, wazee wasio na vyeti wakaambiwa wasifundishe. Na getini wakabandika kwamba anayenuka pombe haingii. Nawe wakakupa funguo.

Usiangalie chini. Nitazame.

Januari ile mwana wa Dulcie alikuja kwa miguu. Jina lake silitaji, marehemu wetu hatuwaiti. Kilomita arobaini, jua la kukaanga mawe, na alikuwa amekunywa, ndiyo, kwani mtu huja kwa tabibu akiwa mzima? Ukampa chupa ya maji, ukamwambia, “Ndugu yangu, rudi pombe ikishakutoka,” ukafunga. Ulilala naye kitanda kimoja miaka sita! Walimkuta siku ya tatu, kando ya njia, ameshavua viatu. Na mwaka uliofuata ofisi ikafunga pale, eti idadi haikutosha.

Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe ulifunga, lakini sahihi ni yangu, na tangu siku ile sijakanyaga kwa mdogo wangu. Mara tatu nimefika hadi kwenye kibaraza chake nikageuka. Ninakufa mwoga, mjue hivyo, msinipambe makaburini.

Sasa Kona imerudi mikononi mwetu, na anayeishika baada yangu ni Charmaine.

Najua utakachosema, Lindsay. Sema.

“Mama, ana wiki tisa tu!”

Ndiyo, wiki tisa bila tone, na kila siku ameinunua kwa meno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hujawahi kuanguka, ndiyo maana hujui kumwinua mtu. Na wewe, Charmaine, uliyerudi kwangu ukiwa na miaka kumi na tisa, ukiniita Verlie, acha kutikisa kichwa. Unasema utaanguka? Utaanguka. Wakikuzoa, amka ukawashe moto. Usimuulize mtu amekunywa nini. Muulize ni wa nani.

Lindsay, nguzo za ule uzio utazing’oa kwa mikono yako, moja moja, na usilete mashine. Lakini kwanza uende kwa Dulcie. Usiende na maua, wala barua ya ofisi. Ukae chini mbele yake, akikutukana, kaa, akikutemea, kaa. Msamaha unaoutaka kwangu mimi sina, si mimi niliyefiwa. Na usingoje nife. Nenda sasa. Ndiyo, pengine utanikosa. Dulcie naye alimkosa wake. Mwambie... mwambie Verlie alifika kibarazani mara tatu.

Nenda. Funga mlango taratibu.

Nipe maji, Charmaine. Yatosha. Mnizike upande wa mama mkubwa, si karibu na barabara. Mlevi akija matangani asizomewe, wala isiletwe chupa. Mfukize nyumba hii kila chumba... na kile cha nyuma. Jina langu liacheni lipumzike.

Mto ukujue, mwanangu. Ukifika ukingoni, ukujue. Wote watakaokuja pale na miguu mibovu... wakukute. Na yule aliyetoka sasa hivi... miguu yake isichoke njiani.

Hilo ni gari lake? Amekwenda kweli?

Vizuri.

Nilitaka abaki.