Tulilishwa, Lakini Si na Koko Nyota

Asifiwe Bwana wa ziwa na wa nchi kavu, ndugu zangu. Amahoro, amani kwenu nyote mlioweza kufika, maana barabara ya siku hizi si ya kutembea ovyo. Mimi ni Mama Neema, muuza samaki hapa Rumonge. Wengi mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Nimekuja kueleza jinsi Mungu alivyonitoa kaburini mimi na mtoto wangu, na nitaeleza nikiwa na hasira. Mchungaji ameniomba hasira niiache mlangoni. Nimejaribu, imenifuata ndani.

Mnakumbuka vita ilivyotubana. Wanajeshi walikataza mitumbwi isiende mbali, wavuvi wakabaki kuvua karibu na nchi kavu. Na samaki wa karibu walikuwa wapi? Pale mtaro wa kiwanda cha dawa za kuua wadudu wa pamba unapoingia ziwani. Kambale wa pale walikuwa wanene, wazito, hawakimbii wavu. Wengine tuliwaokota kwa mikono. Tungejiuliza ni samaki gani huyo asiyeogopa mtu, lakini njaa haina maswali. Shemasi wetu akasimama hapa hapa, akaombea vikapu, akawaita mana. Tangu siku hiyo sokoni hakuna aliyesema tena kambale. Watu walikuja mezani kwangu wakisema, "Mama, nipe mana."

Ndipo nilipomzaa Neema. Mume wangu alikuwa amekwama ng'ambo, Uvira, hawezi kuvuka kwa ajili ya vita. Nilibaki na mama yake, bibi wa Neema, tunayemwita Koko Nyota. Sisi watu wa Fizi, huko huko ng'ambo, tuna desturi yetu: mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hapewi samaki kama watu wengine. Anapewa ini na mafuta, ili maziwa yashuke. Koko alinichagulia kwa mkono wake mwenyewe, yeye akabaki na mboga za lengalenga na ugali. Kila asubuhi aliniwekea bakuli akisema, "Kula, mwanangu. Kula mafuta, mutoto apate maziwa." Nikala, na Neema akanyonya.

Midomo yangu ikaanza kufa ganzi. Mikono ikatetemeka hata nikashindwa kushika kisu cha kupasulia samaki. Kisha mtoto akashikwa na degedege, macho yamegeuka, shingo imepinda nyuma, na mwili hauna homa hata kidogo. Kituo cha afya kilikuwa kimebaki na milango tu, wauguzi wamekimbia.

Majirani walikuja kututazama, wakatoka nje na neno moja: wamelishwa. Ndugu zangu, neno hili mnalijua. Mtu wa ufuko huu akisema umelishwa, hasemi umeshiba. Anasema kuna aliyekutilia sumu, na macho yote yanamtafuta aliyepika. Aliyepika alikuwa Koko Nyota.

Shemasi akaja na wanaume wa kikundi cha maombi. Akamuuliza mbele yangu, "Koko, wewe ndiye unapika. Mbona wewe haukule ile mafuta? Juu ya nini?"

Koko akamjibu, "Ile mafuta iko ya muzazi. Mimi nitazaa tena?"

Hakuna aliyecheka. Walisema Jumapili ataletwa kanisani mbele ya watu wote, akiri kwamba yeye ni murozi, mchawi wa kulisha watu sumu. Nanyi mnajua, katika vita hii mtu akishaitwa hivyo hadharani, hakuna anayeuliza baadaye amekwenda wapi. Nilikuwa nimelala mkekani, ulimi mzito, nikisikia wanavyougeuza upendo wa mama mzee kuwa ushahidi. Alininyima nini? Alininyima lengalenga! Kilicho kizuri alinipa mimi, na kwa sababu hiyo walitaka kummaliza. Ndugu zangu, mpaka leo nikikumbuka nasikia moto kifuani.

Bwana alinifungua macho kwa bata. Ndiyo, bata wa shemasi, mnawakumbuka, walikuwa na afya kuliko watoto wetu. Walishinda ufukweni wakila matumbo ya samaki tunayotupa. Jumamosi nilikuwa nimeketi mlangoni na mtoto mapajani, nikawaona wanakuja wakiyumba kama walevi. Mmoja akaanguka chali, miguu inapiga hewa, shingo imepinda nyuma. Nikaitazama ile shingo, nikamtazama mwanangu. Nikasema, Mungu wangu, Koko ana ugomvi gani na bata?

Hapo hapo nikamkumbuka mpishi wa wakubwa wa kiwanda. Alikuwa akija mezani kwangu mara kwa mara. "Iko ya wapi, mama?" Nikimwambia ya hapa hapa, anashukuru, "Murakoze," na kupita. Alichukua samaki walioletwa kutoka Magara tu, mbali na mtaro. Nilidhani ni maringo ya watu wa mshahara. Kumbe walijua! Walijua, wakafunga midomo yao na kuuacha mtaro wazi. Walitusikia tukiita sumu yao mana, wakatuacha tule.

Jumapili sikungoja Koko aitwe. Nilimfunga Neema mgongoni, nikamshika Koko mkono, nikasimama mbele ya kanisa. Nikamuuliza shemasi, "Bata wako wako wapi?"

Akasema, "Wamekufa."

"Koko ndiye aliwapikia?"

Akaketi chini akalia. Nyumbani kwake pia kulikuwa na mtoto anayetetemeka. Alikuwa amemficha ndani, kwa kuogopa watu watasema nini. Siku hiyo hakuna aliyemgusa Koko Nyota. Mungu alimwokoa mchana, mbele ya watu wote.

Tukaacha samaki wa mtaro. Koko alitulisha maharage na ndizi, akamtafutia Neema maziwa ya ng'ombe kwa watu wa milimani. Degedege ikapungua, ikaacha kurudi. Leo Neema anatembea, ingawa mguu mmoja anauvuta. Namshukuru Mungu kwa ule mzima, na kwa huu mwingine sitanyamaza.

Maana mtaro bado unatiririka, ndugu zangu. Juzi nilikwenda kiwandani. Mkubwa alinisikiliza akiwa amesimama nyuma ya wanajeshi wake, akaniambia, "Mama, samaki ameumbwa na Mungu. Nenda ukamuulize Mungu." Basi nimemuuliza, nimefunga na kuomba. Samaki aliwaumba yeye. Ule mtaro haukuchimbwa na yeye.

Mtumainini Bwana. Aliyeniponya mimi hashindwi na lango wala bunduki. Kesho baada ya maombi ya asubuhi nitarudi pale. Koko Nyota atapika kambale wa mtaro, ini na mafuta, kama alivyonipikia mimi, na tutamkaribisha mkubwa ale mbele yetu. Sufuria ni nzito na mikono yangu haijapona. Mwenye imani aje anisaidie kuibeba.