Shamba Lile Halina Jiwe

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji wetu, wazee wa usharika, ndugu wa ukoo, majirani na wote mliopanda mlima kuja kutufuta machozi, familia imenipa mimi, kifungua mimba Agness, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Mzee Eliezeri Munisi, na marehemu mwenyewe alisisitiza kwamba yasomwe yote, hata yale ambayo sisi wanawe tungependa yaishie jikoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa hapa Masama, katika kihamba hiki cha migomba mlichoketi, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na akili kuliko daftari lake, mwaka 1970 alishuka Moshi kujifunza kuchonga vyuma, akafanya kazi kwenye karakana ya shamba la miwa, kisha mwaka 1984 akaajiriwa na kampuni moja ya uwindaji kutunza bunduki za wageni, mpaka alipostaafu mwezi Juni 2011. Tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Gladness, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu wengi watundu.

Alipostaafu alinunua, kwa kibali halali, ile bunduki mnayoijua, yenye kitako kimoja na mitutu mitatu, mwembamba wa swala, wa kati wa nguruwe pori na mnene wa nyati, na jamani, baba aliipenda, hata mama akawa anatania kwamba ameletewa mke mwenza wa chuma. Kila mgeni alielezwa, atake asitake, kwamba hakuna haja ya kubeba bunduki tatu porini wala kuzipaka mafuta zote tatu, wakati ufunguo mmoja unatoa mtutu huu na kuweka ule, kama mama abadilishavyo sufuria kwenye jiko lile lile, basi kijiji kikambandika jina la Kazi Tatu, naye akalipokea kama cheo. Jambo moja hakupenda kulisema mbele za watu, ingawa kazini aliwafundisha vijana miaka yote, kwamba mtutu ukishabadilishwa darubini ya kulengea huweza kudanganya, kwa hiyo risasi za kwanza hupigwa kwenye karatasi, mbali na watu, mpaka shabaha irudi mahali pake.

Krismasi ya mwaka 2014, watoto wa mlima waliporudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa imeiva, marehemu alifungwa macho kwa kanga ya mama, akabadilisha mitutu yote mitatu kwa kupapasa tu, watu wakapiga vigelegele, na sisi wanawe tulipiga kuliko wote. Siku nne baadaye, tarehe 29 Desemba, nguruwe pori waliingia kwenye mahindi ya mfereji kule tambarare, akaitwa, akashuka na bunduki ile ile jinsi ilivyotoka kwenye maonyesho, hakuipima, maana aliona haya Kazi Tatu aonekane anapiga karatasi wakati wenzake wanapiga kelele za kufukuza nguruwe. Alimlenga nguruwe, risasi ikaenda kando, ikampata gotini jirani yetu, Mzee Isack Ulomi, aliyeimba naye besi kwenye kwaya tangu ujana wao, na mguu ule wa kulia ukakatwa.

Marehemu alisema risasi imegonga jiwe ikarudi. Mama zetu wanalima shamba lile tangu asubuhi hadi jioni na jembe halijawahi kulia, lakini Mzee Isack, alipoulizwa akiwa kitandani, alijibu kwamba ndiyo, ni jiwe, akamsitiri rafiki yake, na sitara hiyo ndiyo iliyomchoma baba kuliko lawama. Vijana wakaanza kumwambia kila anayetoa kisingizio kwamba amegonga jiwe, baba akayasikia maneno hayo dukani, akarudi nyumbani bila sukari aliyotumwa, na tangu hapo kanisani akawa anakaa benchi la nyuma. Bunduki aliisalimisha polisi. Kila mwaka alikata jani la isale, ambalo kwetu Wachagga ukimpelekea uliyemkosea, mnapatana, akafika nalo kwenye mpaka wa vihamba viwili, chetu na cha Mzee Isack, akageuka, na mama akawa anayakuta masale yamekauka kwenye mfuko wa koti lake la ibada.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na kisukari na moyo, Mzee Isack akawa anakuja kwa magongo kumjulia hali, wakaongea habari za kahawa na mvua, na kila alipoondoka baba aligeukia ukutani akalia kwa aibu, ole wake mtu anayehurumiwa na aliyemlemaza. Alitwaliwa tarehe 11 Februari 2025, akiwa ametuagiza kwamba kilichomshinda tukifanye sisi, tena mbele ya wote waliosikia habari ya jiwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Mawenzi, mchungaji na kwaya, wafanyakazi wenzake wa zamani, na majirani mliochota maji, mkakata ndizi na kuchimba kaburi.

Baba mdogo Isack, wewe hatuwezi kukushukuru kabla hatujakuomba. Shamba lile halina jiwe, halijawahi kuwa nalo, baba alijua, wewe ulijua, na sisi tuliopiga vigelegele tulijua tukanyamaza. Isale hili mkononi mwangu lilikatwa leo asubuhi kwenye mpaka wetu, tunakuletea hapo ulipoketi, usinyanyuke, na jeneza halitashuka mpaka utupe jibu, liwe lolote.

Pumzika kwa amani, baba, isale limevuka mpaka.