Bathsheba Bonareri, Aliyeishinda Nailoni kwa Jani la Mgomba

Wakristo, majirani, waheshimiwa mliowahi viti vya kivulini, na wauzaji wa mifuko ya nailoni popote mlipo: mnatangaziwa rasmi kwamba Mama Bathsheba Bonareri, bingwa wa kufunga mboga bila nailoni, Kisii na Nyamira nzima, ametuacha. Nailoni isishangilie. Alishaishinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1924 huko Kenyenya, mtoto wa nne wa Mzee Onchiri na Mama Nyanchera. Inasemekana alilia kwa sauti iliyowafanya majirani wa ng'ambo ya mto waulize ni ng'ombe gani anachinjwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka wa 1938 mwalimu alimwonya kwamba msichana mwenye maswali mengi hataolewa. Bathsheba akauliza, "Na wewe mwalimu, uliuliza mangapi?" Mwalimu alikuwa kapera. Masomo yakaishia hapo.

Agosti 1943 alifunga ndoa kanisani na Bwana Walter Obwocha wa Ekerenyo, aliyekuja kuposa kwa viatu vilivyomchubua visigino.

"Viatu ni vya nani?" Bathsheba alimnong'oneza.

"Vya binamu yangu."

"Basi mshukuru. Ameposa vizuri."

Waliishi pamoja miaka thelathini na sita, na Mzee Walter hakuazima viatu tena.

Kuanzia 1951 marehemu aliuza chinsaga, yaani mboga za mgagani, kwenye kibanda chake sokoni Ekerenyo. Alipitisha jani la mgomba juu ya moto hadi likalainika, akaviringisha mboga, akaacha mdomo mdogo wa kupitisha hewa, akafunga kwa kamba ya gome la mgomba. Nyumbani mteja alikula mboga, ng'ombe akala jani, na kamba ikafungia mlango wa kuku. Kibanda kile ndicho kilichowasomesha watoto wake.

Mwaka wa 1973 akaja Bwana Afya mpya, Machogu, kijana wa soksi ndefu. Akaamuru kila mboga ifungwe kwa nailoni, la sivyo mwenyewe aondoke sokoni. Wanawake wengine wakatii. Marehemu akaendelea na majani yake.

"Mama, dunia imeendelea," Machogu alimwambia mbele ya wateja. "Jani ni uchafu."

"Mwanangu, mamako alikuwa anakufungia viazi na nini ukienda shule?"

Soko zima likaangua kicheko. Machogu akapandwa na hasira.

"Haya! Tukutane kwenye maonyesho ya kilimo Kisii. Mboga za shamba moja, jani lako na nailoni yangu. Ukishindwa, hapa sokoni unatoka."

"Na ukishindwa wewe?"

"Nitakuvulia kofia."

"Kofia nitaipika? Utaniacha niuze."

Wakakubaliana. Ndipo ikajulikana kwamba waamuzi wangefungua mizigo Jumamosi, na marehemu alikuwa Msabato wa kutotania. Machogu akamwambia asipofika ameshindwa. Waamuzi wakamkatalia: mizigo ipokelewe Ijumaa, mwenyewe aende zake akasali. Basi Ijumaa tarehe 6 Julai chinsaga zikachumwa alfajiri, zikafungwa mbele ya mashahidi, na jua halijazama marehemu alikuwa njiani kurudi nyumbani. Binti yake Mokeira alikuwa akilia.

"Mama, na wakikuibia ushindi?"

"Wakiiba Jumamosi, nitawadai Jumapili."

Kesho yake, kibanda chake kikiwa mashakani, yeye alikuwa kanisani akiimba sauti ya pili. Kule Kisii nailoni ilifunguliwa kwanza. Mboga zilikuwa zimetokwa jasho, zimekuwa nyeusi na kuteleza, na harufu ikatoka ikawasalimia waheshimiwa mmoja mmoja. Jani likafunguliwa: chinsaga mbichi, kijani kibichi, kana kwamba bado ziko shambani.

"Ni jua," Machogu akasema.

Mwenyekiti wa waamuzi, Bwana Mogaka, akamtazama. "Kwani hili jani lilikuwa kwenye jua la wilaya gani?"

Jumapili kikombe cha ushindi kikaletwa Ekerenyo kwa lori, wanawake wakipiga vigelegele tangu barabarani. Jumatatu marehemu alikuwa kibandani pake, na majani ya mgomba yalikuwa yamerudi soko zima. Machogu alikuwa mteja wa kwanza. Alivua kofia pia, ingawa hakuombwa.

Mwaka wa 1977 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa presha. Daktari alimkataza chumvi, mafuta na hasira. Mbili za kwanza aliziacha. Alifariki Jumanne tarehe 16 Oktoba 1979 nyumbani kwake, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mumewe, Mzee Walter Obwocha; watoto Ombui, Mokeira, Orpah na Okemwa; wajukuu tisa; na soko lisilonunua nailoni. Mungu amlaze mahali pema, na ampe pumziko ambalo hapa duniani alilikubali Jumamosi tu.

Wengi wameomba wakumbushwe alisema nini siku alipoletewa kikombe. Bwana Mogaka alisimama kwenye uwanja huu huu wa nyumbani kwake akahutubia mpaka kuku wakaingia kulala: kwamba ubunifu wa mama huyu umeokoa udongo, mito, mifugo na vizazi ambavyo havijazaliwa. Kisha akamwomba mshindi aseme neno moja kwa taifa.

Marehemu alikitazama kikombe, akamtazama na yeye.

"Na zile mboga," akauliza, "mlipika?"